"Mali Ikiuzwa Hairudishwi": Kauli ya Nani?

Katika maduka mengi ya nguo ya siku hizi, kuanzia Kariakoo na Darajani mpaka miji midogo ya bara, mteja akiinua macho hukuta kibao juu ya meza ya fedha: MALI IKIUZWA HAIRUDISHWI. Herufi ni kubwa na nyekundu ili asiseme hakuona. Na katika maduka ya ndugu zetu Waislamu, pembeni ya kibao hicho hutundikwa Ayatul Kursi ndani ya fremu ya dhahabu. Viwili hivi vinakaa ukuta mmoja, miaka nenda miaka rudi, na hakuna anayeshtuka.

Ndugu wasomaji, kibao hiki kimepata wapi mamlaka yake? Kwa Mola hakikutoka, wala kwa Mtume wake. Na katika vitabu vya fiqhi vinavyosomeshwa misikitini mwetu toka Lamu hadi Kilwa, kilichomo ni kinyume chake.

Tutoe kwanza mfano tulioushuhudia wenyewe, kwani watu wengine hawasadiki mpaka wasikie kisa. Ikolo ni kata ya wilaya ya Kyela, upande wa kaskazini wa Ziwa Nyasa. Ni nchi ya mpunga na kakao, ya mvua nyingi na matope yanayong'ang'ania miguu. Watu wa mwambao wanaijua Kyela kwa mchele wake unaonukia, na wengi hawajui zaidi ya hapo. Tulikuwa huko kwa arusi ya jamaa, na siku chache kabla ya Idi mwenyeji wetu, mama wa makamo, alichukua fedha zake za kakao akaenda mjini kumnunulia bintiye gauni. Tukamsindikiza.

Duka lenyewe hatulitaji, wala si lazima kulitaja, maana ndugu zake wako kila mahali. Taa nyingi, vioo, muziki, na sanamu zilizovishwa nguo zilizokazwa kwa pini mgongoni ili zionekane zimekaa vizuri. Mama alipangusa miguu mlangoni, akasalimu kwa Kinyakyusa, "Ugonile", kisha akasalimu tena kwa Kiswahili. Hakuitikiwa. Msichana mmoja aliinua macho kutoka kwenye simu, akampima kuanzia kitambaa cha kichwani hadi ndala, akarudi kwenye simu. Mama akauliza bei ya gauni la kijani. "Hilo la bei kubwa, mama." Alipouliza tena akatajiwa shilingi 45,000. Akataka kulishika alinganishe na kimo cha mtoto. Akaambiwa asilishike, atalichafua. Mara akaingia bibi mmoja kijana mwenye ufunguo wa gari mkononi, akapokelewa kwa "Karibu dada", akauliza gauni lile lile, akaambiwa 35,000. Mama alisikia, nasi tukasikia. Alinyamaza, akaomba apunguziwe, akalipa 40,000, akatoka bila risiti.

Usiku ule, gauni likiwa bado kwenye mfuko wake, alilitoa akaligeuza ndani nje. Chini ya kwapa palikuwa pamechanika, pakashonwa kwa mkono na uzi wa rangi nyingine. Bila shaka kuna aliyelijaribu kabla yake likampasukia. Asubuhi akalirudisha, halijavaliwa hata mara moja. Msichana hakusema neno. Alinyosha kidole tu kwenye kibao.

Basi tuanze na bei, maana hapo ndipo watu wengi hujitetea. Watasema kupatana bei ni desturi yetu, na hakuna aliyekatazwa kuvutana na muuzaji. Ni kweli. Kupatana ni halali, na soko lisilo na kupatana halina ladha. Lakini kupatana ni kwa watu wawili wanaoanza mahali pamoja. Kumtazama mtu uso na miguu, ukahukumu kwamba huyu hajui thamani ya kitu kwa hiyo aongezewe elfu kumi, huko ni kumwinda.

Na tazameni ajabu hii. Kakao iliyozaa fedha zile ilipimwa kwenye mizani, kwenye chama cha ushirika, mbele ya watu. Bei yake ya kilo ilitoka mnadani kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, ikatangazwa, na wakulima wa mnada ule, awe wa kilo tano au wa kilo mia tano, wakalipwa bei moja. Mizani yenyewe hukaguliwa na Wakala wa Vipimo. Lumbesa nayo imepigwa marufuku. Lakini fedha hizo zilizopatikana kwa mizani zinapoingia katika duka la vioo, hupimwa kwa ndala za mwenyewe. Sura ya Al-Mutaffifin imewaonya wanaopunja katika vipimo. Je, tunadhani kinachokusudiwa ni pishi na kilo tu, na kwamba mwenye kupunja kwa jicho amesalimika?

Imamu Ghazali amesimulia katika Ihya habari ya Yunus bin Ubaid, mcha Mungu wa Basra, ambaye biashara yake ilikuwa hiyo hiyo ya nguo. Alikuwa na nguo za dirhamu 200 na za dirhamu 400. Siku moja alikwenda kusali akamwachia duka mtoto wa ndugu yake. Akaja bedui, mtu wa jangwani, akataka nguo ya 400; kijana akamwonyesha ya 200, bedui akaipenda, akalipa 400 akaenda zake. Njiani akakutana na Yunus, naye akaitambua nguo yake. Alipojua bei akamwambia arudi, kwani haizidi 200. Bedui akasema kwao inafika 500, na yeye ameridhika. Yunus hakukubali. Alimrudisha dukani, akampa dirhamu 200 zake, kisha akamgeukia kijana na kumuuliza kama hakuona haya kupata faida iliyo sawa na bei yenyewe. Kijana akajitetea kwamba mnunuzi aliridhika. Yunus akamuuliza kwa nini basi hakumridhia mwenzake anachojiridhia mwenyewe.

Bedui yule ndiye mama wa Ikolo. Hakulalamika; aliyelalamika kwa ajili yake ni mwenye duka. Na angalieni vilevile kwamba Yunus hakusema "huyo ni kijana tu, mimi sikuwapo". Hapa tunasema na matajiri, wala si na wasichana wale. Msichana anasimama toka asubuhi mpaka usiku kwa mshahara mdogo, na nguo ikipotea mara nyingine hukatwa yeye. Amejifunza dharau kwa yule anayemdharau. Mwenye duka anayesali safu ya mbele huku dukani kwake salamu ya maskini haiitikiwi, asitafute wa kumbebesha.

Sasa tuje kwenye kibao. Sisi watu wa mwambao wengi wetu ni wa madhehebu ya Shafii, na katika madhehebu hayo mnunuzi ana hiyari zaidi ya moja. Kuna hiyari ya majlisi: maadamu wawili hawajaachana pale walipouziana, kila mmoja aweza kughairi. Kuna hiyari ya sharti, wakiafikiana, isiyozidi siku tatu. Na kuna hiyari ya aibu: ukikuta katika bidhaa kasoro iliyokuwapo kabla hujaipokea, nayo inapunguza thamani, una haki ya kuirudisha na kuchukua fedha zako. Mwenye duka atasema, "Lakini mimi nimeweka sharti, na mteja amelisoma." La hasha. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, ameshalieleza jambo hili katika Minhaj: muuzaji akishurutisha kwamba hana dhima ya aibu yoyote, kauli yenye nguvu ni kuwa sharti hilo linamwokoa kwa aibu ya ndani ya mnyama ambayo yeye mwenyewe hakuijua, basi. Ng'ombe aweza kuwa na maradhi tumboni yasiyoonekana. Gauni halina tumbo. Aliyelishona kwapa kwa uzi mwingine alijua alichokifanya.

Na hata pasipokuwa na kasoro yoyote, mnunuzi akajuta tu, kumkubalia arudishe ni iqala, jambo lililosifiwa katika hadithi na kuahidiwa msamaha wa Mwenyezi Mungu. Hilo si wajibu, ni fadhila. Lakini kibao kinawafungia mlango watu wote wawili, mwenye haki na mwenye kuomba fadhila.

Abu Hanifa, imamu wa madhehebu mengine, naye alikuwa mfanyabiashara wa nguo huko Kufa. Imesimuliwa kwamba alimpa mshirika wake bidhaa akamwambia nguo fulani ina kasoro, amweleze mnunuzi. Mshirika akasahau, akaiuza, wala hakumjua aliyeinunua. Abu Hanifa alipopata habari alitoa sadaka thamani yote ya bidhaa zile. Hakutoa tofauti ya bei, alitoa yote. Wenye vibao wajiulize wangetoa nini.

Sheria ya nchi pia haiko upande wao kama wanavyodhani. Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, iliyounda Tume ya Ushindani na kukataza kumhadaa mlaji. Kenya imeiweka haki ya mlaji ndani ya Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 46. Walakini mama wa Ikolo hatapanda basi kwenda kwenye tume kwa ajili ya gauni la elfu arobaini, na mwenye duka anajua.

Ubaya huu una asili yake. Walioishi miaka ya 1970 na mwanzo wa 1980 wanakumbuka. Mwaka 1976 ilikuja Operesheni Maduka, maduka ya watu yakafungwa ili ya ushirika yachukue nafasi. Kisha bidhaa zikaadimika. Nchi ilikuwa na viwanda vya nguo, mathalani Urafiki kilichofunguliwa mwaka 1968, lakini doti ya khanga ilipangiwa foleni toka alfajiri, na aliyekuwa nyuma ya meza akawa bwana. Ukimsalimu haitiki, ukipata kitambaa unashukuru hata kama kimetoboka. Kurudisha? Nyuma yako walikuwapo watu mia wanaokitaka. Mwaka 1984 uingizaji wa bidhaa ukaanza kulegezwa, na leo nguo zimejaa mpaka barabarani. Uhaba ulikwisha, lakini ubwana wa nyuma ya meza haukwisha. Umejengewa vioo na kuwekewa muziki.

Wenye maduka wana hoja moja ya haki, nasi hatuifichi. Wako wateja wanaonunua nguo Ijumaa, wakaivaa arusini Jumamosi, na Jumatatu wakaileta ikinuka udi wakidai haikuwatosha. Huo ni wizi, na fiqhi haiutetei: mwenye kuona aibu ya kitu analazimika kukirudisha bila kuchelewa, na akikitumia baada ya kuijua aibu hiyo, haki yake ya kurudisha imeanguka. Lakini dawa yake ni kuitazama nguo inaporudi. Anayetundika kibao hataki kutazama.

Nao wateja wana pa kwenda. Katika minada ya huko Kyela, kama ya huku kwetu, muuza mitumba hutandaza turubai chini, bila kioo wala sanamu. Tulimtazama mmoja kwa muda mrefu. Kila shati alilolishika alilikung'uta, akaligeuza ndani nje, akapitisha mkono kwenye mishono mbele ya watu. "Hili lina kitundu hapa kwenye kola, mama, umeona? Ndiyo maana elfu mbili." Akamngoja mama yule aingize kidole kitunduni, ajiridhishe, kabla ya kunyosha mkono kupokea fedha.