BENDERA SI SANAMU, WALA SI DINI



Ndugu yangu Muislamu, juzi baada ya Isha alinijia mzazi mmoja. Kijana wake wa sekondari amegoma kusimama mstarini bendera ikipandishwa. Kasikia kwenye simu kwamba kusimama huko ni shirki, na kwamba Muislamu ana bendera moja tu, nyeusi.

Nakujibu wewe kijana, na huyo aliyekufundisha.

KWANZA: Mtume (s.a.w.) alikuwa na bendera. Imepokewa kuwa raya yake ilikuwa nyeusi na liwaa yake nyeupe. Sasa huyo ustadhi wako wa kwenye simu, ile nyeupe kaitupa wapi? Katika vita vya Mu'ta aliishika Zayd, akauawa. Akaipokea Ja'far, akauawa. Akaipokea Abdallah bin Rawaha, naye akauawa. Mashahidi wote watatu, na hakuna hata mmoja aliyeiabudu. Ilikuwa alama ya kuwakusanya watu. Hata mwezi na nyota unaodhani ni bendera ya Uislamu, vimeenezwa na dola ya Uthmaniya ya Waturuki, karne nyingi baada ya Mtume.

PILI: Shirki ni kumfanyia ibada asiyekuwa Allah. Kusimama kwa utulivu si sijda wala si dua. Ukiapa kwa bendera, hapo nitakukataza, maana haapwi ila kwa Allah.

TATU: Sisi wa Ngarambe tuna historia yetu na bendera. Babu zetu walitawaliwa chini ya ile ya Mjerumani: nyeusi, nyeupe na nyekundu. Chini yake walilimishwa pamba kwa nguvu, na mwaka 1905 Kinjikitile wa hapa hapa Ngarambe akanyongwa Mohoro. Desemba 1961 ikapanda ya Tanganyika. Mwaka 1964, baada ya Muungano na Zanzibar, ikaongezwa buluu. Kijani ni ardhi, dhahabu ni madini, buluu ni maji, nyeusi ni watu. Huo weusi ni wewe, kijana! Na ardhi hii na maji ya Rufiji, kayaumba nani kama si Allah?

NNE: Ipo bendera ya kuogopwa kweli. Mtume (s.a.w.) ametuonya kuwa anayepigana chini ya bendera ya upofu, kwa hasira za kundi lake, akifa kafa kifo cha kijahiliya. Miaka ya 2016 na 2017 huku Kibiti na Rufiji tulizika viongozi wa vijiji na askari. Wajane na mayatima tunao mpaka leo.

Na nyinyi mnaopeperusha bendera kwenye magari ya serikali, msidhani nawasifu. Anayekula mali ya umma chini ya bendera ile kaivunjia heshima kuliko mtoto huyu.

Mzazi, kaa na mwanao leo. Muulize kwa upole: mwanangu, unamsikiliza nani?

Wallahu a'lam. Mfikishie na mwenzako.