Acheni Kulilia DOS: Ukuta wa Kumbukumbu Una Maana

Kila nikizungumzia draiva, hakosi mkongwe wa kuniambia: "Enzi za DOS tulikuwa tunaigusa mashine moja kwa moja." Kweli, mliigusa. Virusi navyo viliigusa vilevile!

Kwa asiyejua: prosesa ya 8086 huona megabaiti 1 tu ya kumbukumbu. Ndani ya PC, sehemu ya anwani hizo ni za kadi ya video. Maandishi ya rangi huanzia B8000 kwa heksadesimali: safu 80, mistari 25, baiti 2 kwa kila herufi (moja ya herufi, moja ya rangi). Jumla baiti 4,000. Kwa Turbo Pascal unaandika hivi:

Mem[$B800:0] := 65;

Papo hapo A inatokea kwenye kona ya juu kushoto. Hakuna ruhusa, hakuna maswali. Tamu, sikatai. Lakini ukikosea ukaandika kwenye anwani 0, umeharibu orodha ya interapti ambayo prosesa huifuata kila kibodi au saa inapoiita. Mashine inaganda, na kazi ya mtu imeenda.

Windows NT ilipotoka 1993 ilijenga ukuta. Programu huona anwani ilizopewa tu. Kumbukumbu halisi ya vifaa ikabaki kwa kerneli, yaani kiini cha mfumo, na draiva zake. Wasanidi wengi wakanung'unika. Kisha badala ya kuandika draiva ya kifaa chao, baadhi wakaandika draiva ya kutoboa ukuta wote. Hapo ndipo ninapogombana nao.

"Mimi nataka kusoma joto la prosesa tu," wanasema. Sawa, lakini tundu halichagui anayepita. Mwaka 2016 Capcom ilisambaza Street Fighter V na draiva iliyoendesha msimbo wa programu yoyote ndani ya kerneli. Ilibidi sasisho lile liondolewe haraka. RTCore64.sys, draiva ya MSI Afterburner, iliruhusu kusoma na kuandika kumbukumbu ya kerneli. Mwaka 2022 genge la BlackByte liliitumia kuzima programu za usalama kabla ya kufunga mafaili ya watu na kudai fidia.

Na msiniambie hakuna njia nyingine. Linux, ambayo kwa miaka mingi ilimwachia root kumbukumbu yote kupitia /dev/mem, ilipata UIO mwaka 2007. Draiva ndogo inatangaza rejista za kifaa kimoja, programu yako inaita mmap kwenye /dev/uio0, na unazigusa moja kwa moja kama enzi za DOS. Tofauti ni kwamba draiva imekupa chumba kimoja, haikukukabidhi funguo za nyumba nzima.

Ukitaka DOS kwenye mashine kuukuu ya kujifunzia, jifurahishe. Lakini nimekuta kompyuta ya mhasibu ambamo programu ya printa ya risiti ilikuwa imeweka draiva inayofungua poti zote na kumbukumbu yote. Ndani ya mashine hiyohiyo mna mishahara ya wafanyakazi! Huo si ujuzi jamani, ni uvivu, na gharama yake ataibeba mtu ambaye hakuulizwa.

Kifaa chako kinahitaji baiti 256? Omba baiti 256.