Jirani si Mtoza Kodi

Huko Uingereza mambo mawili yasiyofanana yamefungwa katika furushi moja. La kwanza ni kuipasha habari halmashauri ya mtaa juu ya gari lililotelekezwa barabarani. La pili ni kuipasha habari idara ya leseni za magari, yenye makao yake Swansea, juu ya gari ambalo kodi yake haikulipwa. Yote mawili hutendwa na jirani, na yote mawili husifiwa kuwa ni wajibu wa mwananchi. Lakini la kwanza ni wema, na la pili aghalabu ni uchongezi uliovikwa joho la uraia.

Wema wa lile la kwanza hauhitaji mashahidi wengi. Sheria ya mwaka 1967 ilizipa halmashauri wajibu wa kuyaondoa magari yaliyotupwa, na sheria ya mwaka 1978 ikauendeleza wajibu huo mpaka leo. Atupaye gari ana hatia, na yamkini akatozwa faini au akafungwa hadi miezi 3. Ukali huo una sababu. Gari lenye magurudumu yasiyo pumzi, vioo vilivyovunjika na namba zilizong'olewa huvuja mafuta, hukata watoto wachezao, hualika takataka, na mwisho hualika kiberiti cha mhuni. Halmashauri haiwezi kuweka mlinzi kila njia. Akaaye hapo ndiye ajuaye. Tena neno lake si hukumu, kwa kuwa ofisa huja kulitazama gari kabla halijakokotwa. Anyamazaye juu ya uchafu huo huwadhulumu jirani zake wote.

Jambo la kodi ni jingine kabisa. Tangu mwaka 1921, mwenye gari alibandika kiooni karatasi ndogo ya duara iliyoonyesha kwamba kodi imelipwa na itakwisha lini. Aliyepita aliiona hata kama hakutaka, maana macho hayana pazia. Tarehe 1 Oktoba 2014 karatasi hiyo iliondolewa, na habari zote zikabaki katika kumbukumbu za mitambo ya serikali. Tangu siku hiyo jirani haoni kitu kwa kupita tu. Atakaye kujua hana budi kuinakili namba ya gari la mwenzake, aketi nyumbani, aiulizie katika mtandao wa idara. Zamani pazia halikuwapo; leo hulifunua kwa mkono wake mwenyewe. Huyo haitwi shahidi, huitwa mdukizi.

Na akisha kudukiza, hujua nini? Hujua kwamba kodi haikulipwa, lakini sababu haijui. Tangu 2014 hiyo hiyo, mnunuzi wa gari hairithi kodi ya muuzaji. Hana budi kulipa yake kabla hajaliendesha, na wengine hukosa kwa kutojua. Mwingine hulipa kidogo kidogo kila mwezi kwa njia ya benki, na mwezi mmoja mfuko wake ukawa mtupu. Mwingine ni mgonjwa ambaye barua zake hazijafunguliwa. Nyumba njema si mlango, na deni la mtu halisomwi katika bati la gari lake.

Watetezi wa desturi hii husema kwamba akwepaye kodi huwaibia walipao, na kwamba asiyelipa kodi huenda pia hana bima, hata akimgonga mtu hapana wa kulipa fidia. Hoja hiyo ina uzito. Lakini serikali humjua mdeni wake kabla ya jirani yeyote: daftari ni lake, barua za faini hutumwa nalo, na kamera za barabarani husoma namba za magari yapitayo. Jirani huongeza jambo moja tu, yaani mahali gari lilipolala. Kwa faida hiyo ndogo mtaa hulipa gharama kubwa. Watu waliogombea nafasi ya kuegesha magari hupata silaha isiyo na sauti, kwa kuwa mpasha habari haulizwi jina. Asubuhi gari likikutwa limefungwa mnyororo, mwenyewe humshuku kila amsalimuye. Na aliye na hofu ya kweli juu ya dereva wa hatari, mlango wa polisi u wazi.

Dawa ya kuukomesha uchongezi huu haiko mbali. Tanzania iliifuta ada ya leseni ya gari ya kila mwaka mnamo 2017, na mzigo wake ukahamishiwa katika bei ya mafuta. Alipaye kwenye kituo cha mafuta hana namna ya kukwepa, na jirani yake hana la kuchongea. Kodi ikitozwa kwa ustadi, serikali haihitaji kuazima macho ya majirani.

Mpaka Uingereza itakapolitafakari hilo, na wakazi wake washike mpaka ulio wazi. Gari linalowadhuru wote na lisemwe, tena baada ya kubisha hodi kwa mwenyewe akiwa anajulikana. Deni na liachiwe mdai. Mtaa ambao kila dirisha lina mpelelezi waweza kuwa safi kama kioo, lakini siku nyumba itakapowaka moto, mwenyewe hatajua apige mlango wa nani.