Trela la Kambi Lichaguliwe na Mpishi

Zamani tulipotaka kwenda mandari, tulitia garini sufuria, mkaa na mbuzi ya kukunia nazi, tukatandika mikeka ufuoni au chini ya mkwaju, na magharibi ikatukuta tumekwisha rejea nyumbani. Siku hizi baadhi ya jamaa zetu waliojaaliwa uwezo wanataka kwenda mbali zaidi, wakalale siku tatu au nne nyikani. Hao ndio wanaoulizana habari za matrela ya kupigia kambi, yale yaliyoundwa kwa njia mbovu, yenye hema juu na jiko linalovutwa nje kama droo.

Ndugu msomaji, mimi sina ugomvi na matrela hayo. Ugomvi wangu ni juu ya namna yanavyochaguliwa. Nimekaa barazani mara nyingi nikiyasikiliza mazungumzo hayo. Wanaume hubishana juu ya springi, magurudumu na nguvu za gari litakalovuta. Sijamsikia hata mmoja akiuliza ni nani atakayepika huko, na atapikaje. Wazee wetu walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Maoni yangu ni kwamba mwenye haki ya kwanza ya kulichagua trela ni yule atakayesimama mbele ya jiko lake; na kwetu sisi, tuseme kweli, huyo aghalabu ni mama wa nyumba.

Wala hili si jambo geni. Mnamo mwaka 1866 mfugaji mmoja wa Texas, Marekani, aitwaye Charles Goodnight, alichukua gari la kukokotwa lililokuwa la jeshi, akalifanyia kabati la droo upande wa nyuma. Kifuniko cha kabati hilo kilishushwa kikawa meza ya mpishi. Wachungaji wake walisafiri na ng'ombe kwa wiki nyingi, naye alijua kwamba watu wasipokula vizuri safari huvunjika. Katika miaka ya 1930 Wamarekani wakaunda matrela madogo yenye umbo la tone la chozi, jiko likiwa nyuma chini ya kifuniko. Leo Waaustralia na watu wa Afrika Kusini wameyaendeleza hadi kuyapitisha katika barabara kama ile ya Gibb River, kaskazini-magharibi mwa Australia, ambayo ni kilomita zipatazo 660, na sehemu kubwa yake ni kokoto na mikunjo kama ya bati. Basi asili ya mambo haya yote ni mpishi na meza yake.

Sasa mpishi wetu atazame nini? Kwanza aende kwa muuzaji na sufuria yake, ile ya pilau ya kilo tatu. Aiweke juu ya jiko, ijazwe maji, kisha atazame kama droo inainama. Majiko mengi ya namna hii yamekusudiwa kikaango cha mayai na birika la chai. Sufuria kubwa ikikalia moto mmoja, wa pili haufikiki. Tena wali wetu hutaka kupaliwa makaa juu ya kifuniko, nayo makaa hayana pahali katika jiko la gesi. Kwa hiyo pawepo nafasi ya kuchukua jiko la mkaa, na meza ya kukatia vitunguu iwe kimo cha kiwiko chake, asije akashinda siku tatu ameinama.

Pili, atazame upande jiko linapofungukia. Sisi, kama Waaustralia na watu wa Afrika Kusini, tunaendesha gari kushoto. Jiko likifungukia kushoto, mpishi akisimama kando ya njia huwa mbali na magari. Matrela ya Marekani hufungukia kulia aghalabu, yaani huku kwetu mpishi atawapa mgongo madereva wa malori. Isitoshe, upande huo ndio wa kutandia turubai la kivuli na pazia la stara, ili mama apike bila ya kutazamwa na kila apitaye. Moto nao uwe na kinga ya upepo, kwani leso na buibui hupeperuka, na moto hauna huruma.

Tatu ni maji, na hapa nawaomba tuhesabu pamoja. Imepokewa katika hadithi kwamba Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji, ambayo hukadiriwa kuwa kama thuluthi mbili za lita. Watu sita wakitawadha mara tano kwa kipimo hicho cha uangalifu, hutumia lita 20 kwa siku. Ongeza lita tano kwa kila mtu za kunywa, kupikia na kuoshea vyombo, utapata lita 50. Tangi la lita 100, ambalo wauzaji husifu sana, limekwisha kwa siku mbili, na hakuna aliyeoga. Najua tayamamu ipo, lakini si busara kuitegemea kwa uvivu wa kuhesabu.

Maji hayo nayo yana uzito, kilo moja kwa kila lita, na hapa ndipo wanaume wa barazani wanapopata sehemu yao. Tuseme trela tupu lina kilo 1,100 na limeruhusiwa kufika kilo 1,500. Zinabaki kilo 400 tu za maji, gesi, friji, chakula, magodoro na vyombo. Asiyejua mizigo ya jikoni hawezi kupiga hesabu hii. Nchini Australia sheria hulitaka trela lizidilo kilo 750 liwe na breki zake lenyewe, na huo ni mfano mzuri wa kufuatwa na kila mwenye kupenda watoto wake. Kiungo cha kuvutia kiwe cha kuzunguka pande zote, ili trela likiinama korongoni lisilipindue gari. Magurudumu yawe sawa na ya gari, ili la akiba lifae kote. Chuma kiwe kimechovywa zinki, kwani chumvi ya pwani yetu haichelewi kula. Na mipira ya milango ya jiko ichunguzwe vyema, la sivyo vumbi jekundu la Tsavo litaingia katika unga wa chapati.

Yako pia mambo ya uhai. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hushuka na kutulia chini. Mtungi ukae nje, katika kisanduku chenye matundu upande wa chini. Na jiko la mkaa lisiingizwe hemani hata kama makaa yanaonekana yamefifia, kwani hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, inayomchukua mtu usingizini.

Wako watakaosema kwamba nawafunza wanawake kutawala fedha za waume zao. La. Nasema mapumziko ni ya nyumba nzima. Safari ambayo baba anajinyosha kitini na mama anapuliza moto kwa kuchuchumaa vumbini ni kazi ile ile ya nyumbani, iliyohamishwa penye taabu zaidi. Basi anayekwenda kununua trela aende na mkewe, jiko lifunguliwe mbele yake, na akisema halifai, neno lake liwe la mwisho. Na huko kambini, baada ya kula, vyombo vioshwe na wale waliobishana juu ya springi.