Mkufunzi ni nani? Funzo la Liam Brady

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Liam Brady, mzaliwa wa Dublin nchini Ireland, alitunzwa ugenini. Na hata huko, tuzo yenyewe ilichanganyika na shubiri.

Alijiunga na Arsenal ya London mwaka wa 1971, akiwa na umri wa miaka 15. Mguu wake wa kushoto ulimpatia sifa kote Uingereza. Hata hivyo, Mei 1980, katika fainali ya Kombe la Washindi barani Ulaya dhidi ya Valencia ya Uhispania, mechi iliishia sare tasa na Brady akapoteza mkwaju wake wa penalti. Kombe likaenda Uhispania. Mwaka huo huo, Italia ilifungua tena milango kwa wachezaji wa kigeni, mmoja kwa kila klabu, naye akanunuliwa na Juventus. Msimu wake wa kwanza ulimalizika kwa ubingwa.

Msimu wa pili ulipokaribia kwisha, aliarifiwa kwamba hakuhitajika tena. Klabu zilikuwa zimeruhusiwa kuwa na wageni wawili, na Juventus iliwataka Michel Platini na Zbigniew Boniek. Mei 16, 1982, siku ya mwisho ya ligi, Juventus na Fiorentina zilikuwa na alama sawa. Kule Catanzaro, Juventus ikapata penalti. Mtu yule yule aliyekosa miaka miwili awali, na ambaye tayari alikuwa ameonyeshwa mlango, aliuweka mpira chini na kuutia wavuni. Juventus ilishinda 1-0 na kutwaa ubingwa.

Je, mwenye ustadi na uadilifu wa namna hiyo angekosaje kuwa kocha bora? Alikosa. Celtic ya Scotland ilimkabidhi timu mwaka wa 1991. Akajiuzulu Oktoba 1993 bila kombe hata moja. Akaenda Brighton mwishoni mwa mwaka huo, na kufikia mwisho wa 1995 alikuwa ameondoka. Ni wazi kwamba wengi wangelimfungia faili hapo.

Arsenal haikumfungia. Mwaka wa 1996 ilimpa jukumu la kuwalea chipukizi wake, kazi aliyoifanya hadi 2014. Vijana hao walitwaa Kombe la FA la Vijana mwaka wa 2000, 2001 na 2009. Mmoja wao, Jack Wilshere, aliingia humo akiwa mtoto wa miaka 9.

Kwa kuwa kazi yangu ni lugha, hapa ndipo ninapotatizika. Magazeti yetu humwita kocha "mkufunzi", neno lile lile tunalompa anayefunza vyuoni. Neno ni moja ilhali kazi ni mbili. Ya kwanza hudai ushindi Jumamosi hii. Ya pili humngojea mtoto kwa miaka kumi. Brady alishindwa katika ile ya kwanza, akafaulu katika ya pili.

Naandika haya nikiwa na deni. Zamani nilimkagua mwalimu mwanafunzi aliyekuwa hodari kuliko wenzake wote katika isimu. Mbele ya darasa la vijana arobaini alibabaika. Niliandika ripoti kwamba hafai kufundisha. Sikujiuliza iwapo angefaa mbele ya watoto watano, au miongoni mwa wanaoanza kusoma. Aliiacha kazi, nami nikajiona nimetimiza wajibu.

Walimu wenzangu, tunapimana kwa alama za mtihani kama makocha wapimwavyo kwa jedwali la ligi. Kabla ya kuandika kwamba fulani hafai, tuongeze neno moja: hafai wapi? Nanyi wanafunzi mlioshindwa mara moja, kumbukeni kwamba aliyekosa penalti Brussels ndiye aliyefunga ya Catanzaro.