Msimtwike Phil Collins Mzigo Wote

Miongoni mwa wapenzi wa roki, kesi ya Genesis ilishahukumiwa zamani. Mwimbaji Peter Gabriel aliaga mwaka 1975, mpiga drams Phil Collins akashika maikrofoni, na bendi iliyokuwa na wimbo wa dakika zaidi ya ishirini ikageuka kiwanda cha vibao vya redioni. Mshtakiwa anajulikana. Ila ushahidi ukikaguliwa, haumfungi.

Wanasema, kwanza, kwamba mapigo yalibadilika mara tu Gabriel alipotoka. Anayesema hivyo hajaisikiliza A Trick of the Tail ya Februari 1976, wala Wind & Wuthering iliyoifuata kabla mwaka ule haujaisha. Ndani ya albamu hizo mna vinanda vilevile vya Tony Banks, mapigo yanayobadilika katikati ya safari, na wimbo kama One for the Vine unaokaribia dakika kumi. Hata The Lamb Lies Down on Broadway, albamu ya mwisho ya Gabriel, muziki wake kwa sehemu kubwa ulitungwa na wenzake huku yeye akihangaika na mashairi.

Eti Collins alipindua meza? Hata kiti chenyewe hakukitaka. Walijaribisha waimbaji wengi, Collins akiwaonyesha wimbo unavyokwenda, mpaka ikaonekana kwamba anayefundisha anawapita wanaofundishwa. Na hakuwa mgeni kwenye maikrofoni: For Absent Friends ya 1971 na More Fool Me ya 1973 aliziimba yeye, Gabriel akiwa bado bendini.

Dai la tatu ndilo linalopendwa zaidi: kwamba wepesi wa redioni aliuleta Collins. Basi tuulize nani aliandika maneno ya Follow You Follow Me, kibao cha 1978 kilichowafungulia mlango huo. Ni Mike Rutherford, mpiga besi. Wakati huo Collins hakuwa na albamu yake binafsi hata moja. Face Value ilikuja 1981. Rutherford huyohuyo ndiye aliyeanzisha Mike + The Mechanics, kundi lililopanda hadi namba moja Marekani mwaka 1989 kwa The Living Years, wimbo mwororo kuliko mingi ya Collins.

Na ule mlio mzito wa drams, unaolipuka kisha kukatika ghafla, ambao watu huutaja kama alama ya Genesis kuharibika? Ulizaliwa kwenye albamu ya Gabriel mwenyewe, ile ya tatu, ya 1980. Katika wimbo wa Intruder drams anapiga Collins, aliyealikwa na mwenzake wa zamani, na Gabriel alikuwa amepiga marufuku matoazi. Fundi mitambo Hugh Padgham akaipitisha sauti ya maikrofoni ya kuzungumzia na wanamuziki kwenye mitambo ya kuibana na kuikata, na dude likapatikana. Padgham ndiye aliyefuata kwenye Face Value, kisha Abacab ya Genesis mwaka 1981. Waliotengana mlangoni walikuwa wakielekea mtaa mmoja. Julai 1986 Invisible Touch ya Genesis ilikuwa namba moja Marekani. Iliyoing'oa ni Sledgehammer ya Gabriel, ambayo sijawahi kusikia mtu akiiita ya kinanda na falsafa.

Wengi wetu huku tunampa Gabriel alama za ziada kwa kuwa lebo yake ya Real World ilitoa Songs for the Poor Man ya Remmy Ongala na Super Matimila mwaka 1989. Alama hizo ni halali yake, lakini hazihusu kesi hii.

Kuna pengo moja ninalolikubali, nalo si la Gabriel. Mpiga gitaa Steve Hackett alipoondoka 1977, hakuajiriwa mtu wa kudumu. Studioni Rutherford akaongeza gitaa juu ya besi. Zile noti ndefu za Hackett, zinazoning'inia kama hazina haraka ya kutua, zikatoweka, na hapo ndipo nyimbo zilipoanza kukonda. Ajabu ni kwamba watu wachache humtaja.

Mwisho, wapo wanaoapa kwamba Collins angetoka, Genesis ya zamani ingefufuka. Alitoka, 1996. Banks na Rutherford wakamchukua Ray Wilson kutoka Scotland, na Calling All Stations ya 1997 ikaja na giza lake na nyimbo kadhaa zinazopita dakika saba, kama waliokuwa wakilalamika walivyoomba. Marekani albamu ikadoda, ziara ya huko ikafutwa, na Wilson hakurekodi nao albamu ya pili. Genesis waliporudi jukwaani 2007, mwimbaji alikuwa Collins.