Usimwite ndugu yako ahamie kijijini kama ghalani hamna chakula chake



Ndugu wakulima na wafanyabiashara wa Unyambwa, leo siandiki kuhusu viwavijeshi wala samadi. Naandika kuhusu simu mnazopiga Dar es Salaam, Mwanza na Arusha. Kila mwaka mwezi wa 6 na wa 7, mtu akishauza alizeti na mfuko una kitu, anampigia mdogo wake aliyeko Mbagala au Manzese: "Achana na shida za kodi. Rudi nyumbani. Huku maisha ni ya taratibu, chakula ni bure, ardhi ipo." Mdogo wake anauza kitanda na friji, anamwachisha mke biashara ya vitumbua, anawatoa watoto shule, na wote wanapanda basi.

Msimamo wangu ni huu, na atakayekasirika akasirike: kuita familia nzima kwa maneno hayo ni kuwadanganya, hata kama nia ni njema. Familia ihamie pale ambapo mmoja wao ameshalima msimu mmoja hapa na chakula cha mwaka kiko ghalani. Kabla ya hapo aje mtu mmoja tu.

Chakula si bure

Tufanye hesabu pamoja. Mvua zetu ni za msimu mmoja kwa mwaka. Zinaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kuisha Aprili. Familia inayofika Julai inakuta mavuno ya wenyeji yameshaingia ndani. Itasubiri miezi mitano hadi mvua ya kwanza, kisha mtama wa muda mfupi kama Macia unahitaji karibu miezi mitatu na nusu shambani. Kwa hiyo mlo wa kwanza wa jasho lao wenyewe utapatikana Aprili au Mei ya mwaka unaofuata. Hiyo ni miezi kumi, na hapo tumeomba mvua isikatike Februari.

Mtu mmoja akila gunia moja la kilo 100 kwa mwaka, anakula kwa kujibana. Familia ya watu sita ni magunia sita. Wewe uliyepiga simu, unayo magunia sita ya ziada? Kama huna, basi ulichomwahidi ni chakula cha watoto wako mwenyewe. Ikifika Januari, wakati kila nyumba inapima unga kwa kikombe, mtaanza kuangaliana vibaya. Wifi atasema mgeni anakula sana. Baba mkubwa ataacha kupita kusalimia. Undugu mwingi umevunjika kwenye miezi hiyo kwa sababu ya debe la mtama.

Pesa ya mjini na pesa ya huku

Mtu wa mjini, hata maskini, anaona pesa kila siku. Anabeba mzigo asubuhi, jioni ana elfu tano. Anauza maji, anasukuma mkokoteni, anafua nguo za watu. Ni ndogo na inachosha, lakini inaonekana kila siku na yeye amezoea kuitumia kila siku.

Huku pesa kubwa inakuja mara moja kwa mwaka. Ukiivunja Julai, Januari huna. Hili mwenyeji analijua tangu utoto: anatenga mbegu, anatenga chakula, anaacha kuku na mbuzi kama akiba. Mgeni halijui. Anafika na fedha za kuuzia vitu vyake, anajenga chumba, ananunua bati, anakodisha trekta. Palizi inafika mfuko mtupu. Hapo ndipo anapouza alizeti ikiwa bado shambani, kwa bei ya mtu mwenye njaa, na msimu wake wa kwanza unakuwa umeliwa kabla haujakomaa.

Na hata akivuna vizuri, bei hapangi yeye. Mnakumbuka mwaka 2023, bei ya alizeti ilivyoanguka baada ya mafuta ya kula ya nje kuingia kwa ushuru mdogo. Mwenyeji mwenye ng'ombe na kuku aliumia lakini alivuka. Aliyetegemea alizeti peke yake, tena msimu wake wa kwanza, alivukaje?

Taratibu kwa nani?

Neno "maisha ya taratibu" wanalipenda zaidi wanaume. Muulizeni shemeji yenu aliyetoka Mbagala. Kule alifungua bomba au alinunua ndoo kwa jirani. Huku watu sita, kila mmoja lita 20 kwa siku, ni ndoo sita kubwa kila siku. Kama kisima kiko mbali, ni safari sita kichwani kabla ya kuni, kabla ya kupika, kabla ya shamba. Kiangazi kikikaza, foleni ya maji inaanza usiku. Binti wa darasa la sita ndiye anayebeba sehemu ya mzigo huo, na ndiye anayechelewa shule.

Kazi ya shamba nayo haina upole. Eka moja ya alizeti kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 30 ina mashimo karibu 18,000. Mtu aliyekaa miaka kumi akiuza chipsi hana mgongo wa kupanda mashimo hayo siku tatu za unyevu wa kwanza. Na mvua haimsubiri azoee.

Shamba mnalowapa

Hapa nasema na wenye ardhi. Mkisema "ardhi ipo", mara nyingi mnamaanisha kile kipande mlichokichoka: kimeliwa na maji, hakijaona samadi miaka mingi, kina magugu mpaka goti. Udongo wetu una mchanga, na shamba lisilo na samadi haliwezi kumlipa mtu. Mgeni hana ng'ombe, kwa hiyo hana samadi. Anaomba kwa majirani, anasomba kwa mkokoteni miaka miwili, shamba linarudi hali yake. Mwaka wa tatu, likianza kutoa, mtu wa ukoo anakumbuka kwamba hilo lilikuwa shamba la babu.

Huo ni unyang'anyi, tuuite hivyo. Kama unampa, mpe mbele ya watu. Palipo na kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 imeweka ardhi ya kijiji chini ya Halmashauri ya Kijiji, na mtu anaweza kupata hati ya haki miliki ya kimila. Palipo na mtaa, kwa kuwa tuko ndani ya Manispaa ya Singida, nenda ofisi ya ardhi ya Manispaa ujue kipande hicho kimepangiwa nini kabla mtu hajachimba msingi. Kama ni kuazima, andikeni ni kuazima, kwa miaka mingapi, na nani atalipwa kwa miti na samadi. Jina la mke liwemo, maana mume akifa yeye ndiye atakayeambiwa arudi alikotoka.

Serikali ilishajaribu

Wazee wanaikumbuka Nguvu Kazi. Mwaka 1983 ilitungwa sheria ya kupeleka nguvu kazi kwenye uzalishaji, na watu walioonekana hawana kazi Dar es Salaam wakakamatwa na kusafirishwa kwenda vijijini kulima. Wengi walirudi mjini. Hawakuwa wavivu wote. Mtu aliyeshushwa kijijini bila jembe, bila mbegu, bila chakula cha kumfikisha mavunoni, alifuata njia ileile iliyomleta.

Kama Serikali yenye magari na askari haikuweza kumfanya mtu akae shambani bila maandalizi, simu yako itaweza?

Wanaosema nafukuza watu

Najua jibu la baadhi yenu: "Bwana shamba, mjini wanateseka. Wamachinga waliondolewa kandokando ya barabara mwaka 2021, kodi inapanda, kila mtu ana haki ya kurudi kwao." Kweli kabisa. Sijasema wasije. Kata yetu inahitaji watu. Anayetoka mjini anakuja na vitu ambavyo sisi hatuna: anajua bei ya kuku Dar es Salaam siku hiyo, anajua kumpigia mnunuzi, haogopi kwenda ofisini, na akiambiwa gunia la vitunguu lijazwe lumbesa anauliza kwa nini. Familia moja ya namna hiyo ikisimama vizuri inasaidia mtaa mzima kuuza.

Ila isimame. Familia iliyoanguka hairudi mjini kama ilivyotoka. Chumba kina mpangaji mwingine, wateja wa vitumbua wamehamia kwa mwingine, mtaji umeisha. Inarudi nyuma ya pale ilipoanzia, na watoto wamepoteza mwaka wa shule. Ndiyo sababu nasema kwa ukali.

Cha kufanya

1. Aje mmoja kwanza, afike Septemba au Oktoba. Asafishe shamba, asombe samadi, apande na mvua ya kwanza. Mwenzake abaki mjini na biashara na watoto. Kodi ya chumba kimoja kwa miezi minane ni ndogo kuliko hasara ya kuhama mara mbili.

2. Eka ya kwanza iwe ya chakula. Mtama au uwele kwanza, alizeti baadaye. Asianze na eka kumi kwa sababu ameona hesabu tamu kwenye simu. Eka mbili zilizopaliliwa kwa wakati zinazidi eka tano zilizomezwa na magugu.

3. Kuku kumi, wachanjwe. Kideri kinaweza kumaliza banda lote ndani ya wiki. Chanjo ya I-2 ni tone moja jichoni, kila baada ya miezi mitatu. Kuku ndio pesa ya katikati ya mwaka.

4. Mke aje kuona kabla ya kukubali. Alale wiki mbili wakati wa kiangazi, ateke maji mwenyewe, aone shule na zahanati iko umbali gani. Akisema hapana, hiyo ni hapana ya mtu aliyeona.

5. Watoto wahame mwisho wa mwaka wa masomo, Desemba, na barua ya uhamisho mkononi. Asihamishwe mtoto wa darasa la saba.

6. Magunia sita yawe ndani ndipo basi likatwe tiketi.

Na ninyi wenye maduka

Mgeni akifika na fedha mnamshangilia. Mnamkopesha mbolea, mnamuuzia alizeti ya msimu uliopita mkiiita mbegu. Halafu Februari daftari la madeni linajaa jina lake. Uzeni mbegu yenye lebo ya TOSCI, na mwambieni ukweli akitaka kufungua duka la tano kwenye njia moja. Mteja anayevuna kila mwaka atanunua chumvi na sabuni kwenu miaka ishirini. Anayekimbia usiku anawaachia daftari.

Mwenye ndugu anayejiandaa kuja, pita ofisini kwangu kabla hujampigia tena. Njoo na idadi ya watu, ukubwa wa shamba na magunia uliyonayo. Tutapiga hesabu pamoja, na kama haitoshi, nitakusaidia kumweleza kwenye simu kwamba asubiri msimu mmoja.